Jinsi ya kuweka bakapu ya kompyuta yako mtandaoni kwa Google Drive

Haya wadau karibuni, leo tunaweka bakapu ya kompyuta, yaani nakala ya akiba ya mafaili yako, mtandaoni na tutatumia Google Drive, stoo ya mafaili ya Google, sababu ni kwamba wengi mna Gmail tayari na akaunti ni ile ile, kwa hiyo nusu ya kazi ishafanyika. Unapewa GB 15 za bure, wenzao OneDrive wanatoa 5, Dropbox 2, sasa hapo chagua mwenyewe. Ila hizo 15 zinatumika pamoja na email zako na picha za Google Photos, so kama inboksi imejaa matangazo ya miaka nenda rudi, kafute kwanza ndo uje.

Kabla hujabonyeza chochote amua nini kinapanda. Usibebe kompyuta nzima jamani! Windows na programu utazipakua tena siku yoyote, muvi achana nazo. Beba kile ambacho kikipotea ndo basi tena: nyaraka, hesabu za biashara, picha ulizopiga mwenyewe. Tengeneza folda moja, iite Muhimu, tupia vyote humo.

Sasa fungua brauza utafute Google Drive for desktop, hakikisha unaishusha kwenye tovuti ya Google wenyewe na sio kwingine. Install, ingia na akaunti yako. Umeona hapa chini kulia, jirani na saa? Kimetokea kialama cha pembetatu, wa Mac chenu kiko juu. Kibonyeze, bonyeza gia, ingia Preferences, halafu Add folder, chagua ile Muhimu. Hapa itakuuliza, wewe tiki Sync with Google Drive tu, ile ya Google Photos iache, maana ukitiki zote mbili picha zinakula nafasi mara mbili. Done, kisha Save.

Imeanza kupandisha, na hapa ndo watu wanakata tamaa. Spidi ya kupandisha mara nyingi ni ndogo kuliko ya kushusha, ukiwa na Mbps 1 (megabiti moja kwa sekunde) basi GB 10 ni kama masaa 22 mfululizo, na kompyuta ikilala kazi inasimama, kwa hiyo chomeka chaji, zima ile kulala kwenye setingi, iache usiku kucha. Kama uko kwenye bando la simu bonyeza Pause syncing kwenye ile gia usubiri waifai, usije kulia na mtu. Mzigo mzito ni huu wa kwanza, baada ya hapo yanapanda yale mapya na uliyoyabadilisha.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Hii inasinki, maana yake ni kioo, unachofanya huku na kule kinafanyika. Ukifuta faili kwenye kompyuta, mtandaoni nako linaondoka, linakaa Trash (pipa la taka la Drive) siku 30 halafu kwaheri. Kirusi kikiharibu mafaili, yaliyoharibika nayo yanapanda. Ndo maana mimi nasema usitupe hardi diski yako ya nje, nakili mafaili yako humo mara moja moja kisha ichomoe, ikikaa imechomekwa muda wote na yenyewe inaweza kuliwa na hicho hicho kirusi.

Washa pia uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti (ukiingia inakuuliza kitu kingine zaidi ya paswedi), maana sasa mali yako yote iko nyuma ya paswedi moja. Zile namba za siri za akiba (backup codes) watakazokupa ziandike kwenye karatasi, usizihifadhi ndani ya Drive hiyo hiyo, ukifungiwa nje utazisomaje?

Mwisho tujaribu, msiruke hii. Tengeneza faili la majaribio, liweke Muhimu, subiri lipande. Chukua simu, fungua Drive, tafuta palipoandikwa Computers, lipo? Sawa. Sasa lifute kwenye kompyuta kabisa, ingia drive.google.com, nenda Trash, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Restore. Rudi kwenye folda usubiri kidogo… hilo hapo limerudi.