Acheni Kukwangua Daraja: Mhadhara kwa Mafundi wa Magitaa, Moshi

Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo. Nimeombwa nizungumzie utengenezaji wa gitaa kwa jumla. Sitazungumza kwa jumla. Nitazungumzia shingo, na naona wanaonifahamu wameshaanza kucheka.

Kijana katengeneza gitaa. Sanduku la mringaringa, uso wa saiprasi, kazi safi. Anafunga nyuzi, anapima kwenye freti ya 12, yaani kile kijichuma cha 12 kilichokatiza shingo: ziko juu yake milimita 4.5. Mpiga gitaa wa kwaya akimaliza wimbo mmoja vidole vinawaka moto. Basi kijana anachukua msasa, huyoo, darajani, kwenye kile kipande cha mbao juu ya uso kinachoshika nyuzi! Anakwangua kile kimfupa kinachobeba nyuzi. Haitoshi. Anageukia daraja lenyewe, analikwangua mpaka linakuwa kama biskuti. Nyuzi zimeshuka, sawa. Na gitaa limekuwa bubu.

Limekuwaje bubu? Uzi ukishapita juu ya kimfupa lazima upinde kuingia kwenye tundu la daraja. Mpindo huo ndio unaokandamiza kimfupa, na bila mkandamizo uso hautikisiki vizuri. Tena daraja ni wenzo. Gitaa la nyuzi za chuma linataka nyuzi zikae kama milimita 12 au 13 juu ya uso pale darajani. Ukizishusha hadi 8, umejikatia wenzo mwenyewe, halafu unakuja kwangu kulalamika kwamba mbao za Kilimanjaro hazina sauti. Mbao hazina kosa!

Kuna mtu pale nyuma ananiangalia kwa jicho la kusema, "Fundi, si kuna nondo ndani ya shingo? Unakaza na spana ya alenki, basi." Hapana, ndugu yangu. Nondo inanyoosha shingo iliyopinda. Pembe ambayo shingo imeingilia kwenye sanduku haiijui kabisa. Mlango uliofungwa vibaya kwenye bawaba, hata ubao wake uwe umenyooka vipi, utakwaruza sakafu tu.

Pimeni kwanza. Chukua rula ndefu ya chuma, si ile ya plastiki ya mtoto wa shule. Ilaze juu ya freti, katikati ya shingo, isogeze hadi darajani. Ikipita ikigusa tu mgongo wa daraja, pembe ni nzuri. Ikigonga ubavu wa daraja, shingo imelala mbele, na dawa ni kuirudisha nyuma kwa kupunguza kisigino chake, pale inaposhikana na sanduku.

Sasa hesabu, na hapa ndipo ninapokasirika. Freti ya 12 iko nusu ya njia, kwa hiyo kushusha nyuzi milimita 1 pale kunadai milimita 2 darajani. Yule kijana anataka kutoka 4.5 hadi 2.5, maana yake 4 darajani. Kisigino cha shingo yake kina kina cha milimita 90. Kutoka maungio ya shingo na sanduku, freti ya 14, hadi kwenye kimfupa ni kama 290, kwa gitaa ambalo uzi unaolia una urefu wa milimita 650. Zidisha 90 kwa 4, gawanya kwa 290. Unapata 1.24. Milimita moja na robo! Ndiyo hiyo tu ya kuondoa kwenye ncha ya chini ya kisigino, ukipunguza taratibu hadi sifuri juu, shingo inapokutana na uso. Daraja zima limeangamia kwa ajili ya milimita moja na robo.

"Lakini fundi, gitaa langu lilikuwa sawa Januari." Nakubali. Masika uso wa gitaa unakunywa unyevu, unavimba, nyuzi zinapanda. Kwa hiyo usikate kisigino mwezi wa nne kisha ukashangaa mwezi wa kwanza nyuzi zikilia kwenye freti. Na ukiwa umetumia mbao mbichi iliyotoka mashineni juzi, hapo hata pembe tusiizungumze.

Kufungua shingo nitapita haraka, mwenyekiti ananionyesha saa. Ya boliti, fungua boliti. Ya gundi nyeupe, ipashe moto: kisu chembamba cha moto chini ya ubao wa vidole unaolala juu ya uso, mvuke wa birika kwenye maungio, subira. Mliotumia epoksi, tuonane pembeni. Chonga ndani ya kisigino kwa patasi kali, ukiacha kingo. Kisha bana msasa kati ya kisigino na sanduku, makali yaelekee kwenye kisigino, uvute. Vuta sawasawa pande zote mbili, la sivyo shingo itaangalia pembeni.

Ubao wa vidole ukibaki unaning'inia juu ya uso, weka kabari nyembamba chini yake. Hiyo kabari nayo ina mambo yake, tuiache.

Wenye magitaa leteni hapa mezani tupime. Nyuzi ziwe zimekazwa kwa sauti yake kamili. Lililolegezwa silipimi.