Msemaji wa Rais na Mlango wa Chumba cha Vikao

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Vijana, habari za mchana.

Nianze na chumba cha mgonjwa. Tarehe 5 Desemba 1919 maseneta wawili, Albert Fall na Gilbert Hitchcock, walipanda ghorofani katika Ikulu ya Marekani kumjulia hali Rais Woodrow Wilson. Rais alikuwa amepigwa na kiharusi tarehe 2 Oktoba, upande wa kushoto ukapooza. Wananchi hawakuambiwa hivyo. Daktari wake, Cary Grayson, alikuwa akitoa taarifa za uchovu na mishipa ya fahamu iliyochoka, na Hitchcock, ambaye alikuwa mtu wa chama cha Rais, hakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa Fall, mpinzani, aliyekuja kuhakikisha kwa macho yake.

Basi chumba kikapangwa. Mkono wa kushoto, ule uliokufa ganzi, ukafunikwa shuka. Wa kulia ukaachwa wazi, na karatasi zikawekwa mahali unapofika. Mke wa Rais, Edith, akaingia na daftari na kalamu, akaandika kila lililosemwa. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alivishika vile ili asilazimike kumpa Fall mkono. Seneta akatoka nje akawaambia waandishi wa habari kwamba akili ya Rais ni timamu.

Nimelianza somo hapa kwa sababu kila kitu tunachokiita leo usimamizi wa taswira kimo ndani ya chumba kile. Mandhari imo, pembe ya kutazamia imo, kilichofichwa kimo, na shahidi wa kwenda kuwasimulia wengine yumo. Mwezi Juni 1920 ikapigwa picha rasmi: Wilson mezani anatia saini, amepigwa kwa upande wa kulia, na Edith ameishikilia karatasi isiteleze. Ukiitazama bila kuijua habari, unaona mke anayemsaidia mumewe kazi.

Sasa, mtu huwa anafikiri wasaidizi wa Rais wanaoshughulikia sura yake ni kundi moja la watu wa propaganda. Sivyo. Yuko mwandishi wa hotuba, yuko mpiga picha, yuko msemaji, wako watangulizi wanaofika mahali siku au wiki kadhaa kabla ya Rais, wakapima jukwaa, wakatazama jua linapiga wapi saa tisa alasiri, wakaamua nani akae nyuma ya bega la mkubwa ili aingie kwenye fremu ya kamera. Kazi hizi hazina dhambi. Mtu anayehutubia taifa ana haki ya kusikika na kuonekana vizuri, na wananchi nao wana haki ya kumwelewa. Jioni ya tarehe 12 Machi 1933 Rais Franklin Roosevelt aliingia redioni akawaeleza Wamarekani, kwa lugha ya mtu anayezungumza sebuleni, benki inafanya nini na fedha zao na kwa nini alikuwa amezifunga zote. Kesho yake benki zilipoanza kufunguliwa, watu wakapanga foleni kurudisha fedha. Ile ilikuwa kazi ya mawasiliano, na iliwafaa watu.

Lakini nataka nikae kidogo na mtu mmoja aliyeijua kazi ya macho kuliko wengi: Michael Deaver, msaidizi wa Rais Ronald Reagan. Mwaka 1984, katika maadhimisho ya miaka 40 ya kushuka kwa majeshi ya Washirika Normandy, Ufaransa, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Reagan alitakiwa kuhutubia kwenye jabali la Pointe du Hoc, pale ambapo askari wa Marekani walipanda ukuta wa mwamba kwa kamba huku wakipigwa risasi kutoka juu. Ratiba ya awali ingemfanya azungumze wakati vipindi vya asubuhi vya televisheni za Marekani vimekwisha. Watu wa Ikulu wakawabana Wafaransa mpaka saa ikasogezwa, ikawa saa saba na dakika 20 mchana kule Ufaransa, yaani saa moja na dakika 20 asubuhi kwa watu wa pwani ya mashariki ya Marekani wakinywa kahawa. Bahari nyuma, jabali pembeni, na mbele ya Rais wamekaa wazee wenyewe waliolipanda. Peggy Noonan aliandika maneno, lakini hata ukizima sauti ungeelewa hotuba ile inasema nini.

Februari ya mwaka uliofuata, Deaver huyohuyo akaenda Ujerumani Magharibi kutafuta makaburi ya askari ambayo Rais angeweka shada la maua pamoja na Kansela Helmut Kohl, ishara ya mapatano. Akafika Bitburg. Theluji ilikuwa imefunika mawe ya makaburi. Mahali palikuwa pametulia, pazuri, panafaa kwa kamera. Safari ikatangazwa mwezi Aprili, na siku chache tu baadaye waandishi wakagundua kilichokuwa chini ya theluji: miongoni mwa waliozikwa pale walikuwamo 49 wa Waffen-SS, jeshi la chama cha Wanazi. Elie Wiesel, aliyenusurika kwenye kambi za Wanazi, alisimama ndani ya Ikulu mbele ya kamera akamsihi Rais asiende. Rais alikwenda tarehe 5 Mei 1985. Kabla ya hapo ikabidi aongezewe ziara ya Bergen-Belsen, iliyokuwa kambi ya mateso ya Wanazi, na makaburini akakaa dakika chache tu.

Mimi simcheki Deaver. Naliogopa kosa lake, kwa kuwa ni kosa la fundi hodari, na mtu asiyeijua kazi asingelifanya. Macho yake yalikuwa yamezoea swali moja: hapa pataonekanaje? Swali la pili, hapa ni mahali gani, lilikuwa la mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hakuulizwa kwa wakati.

Ndipo nafika kwenye neno nililokuja kulisema. Katika ofisi ya Rais, sura ya mkubwa haianzi kuharibika mbele ya kamera. Inaanza kuharibika pale anayeitengeneza anapotengwa na anayejua ukweli. Kwa msemaji, hilo lina mahali pake hasa: mlango wa chumba cha vikao. Yuko ndani, au yuko nje anangoja kuletewa karatasi?

Septemba 24, 1955, Rais Eisenhower alipata mshtuko wa moyo akiwa mapumzikoni Denver. Habari ya kwanza waliyopewa waandishi ilikuwa kwamba tumbo limemsumbua. Siku hiyohiyo ikasahihishwa: ni moyo. Msemaji wake, James Hagerty, aliyekuwa mwandishi wa gazeti kabla ya siasa, akapanda ndege kwenda Denver na kuishika shughuli yote. Eisenhower mwenyewe alitaka hivyo. Jumatatu soko la hisa la New York likaporomoka zaidi ya asilimia 6 kwa siku moja. Fikirini shinikizo la kufunika mambo siku ile! Badala yake siku hiyohiyo daktari wa moyo kutoka Boston, Paul Dudley White, akawekwa mbele ya waandishi, akawafundisha Wamarekani mshipa wa moyo unavyoziba na mgonjwa anavyopona, hadi akataja kwamba Rais amekwenda choo vizuri. Wapo walioona aibu. Lakini baada ya kuambiwa hata hilo, nani angesema anafichwa? Mwaka uliofuata Eisenhower alichaguliwa tena, akachukua majimbo 41.

Sitaki mtoke hapa mkidhani serikali ile ilikuwa ya malaika. Mei 1960, ndege yake ya upelelezi ilipotunguliwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, serikali hiyo ilitangaza kuwa ni ya uchunguzi wa hali ya hewa. Kiongozi wa Wasovieti, Khrushchev, alingoja siku mbili, kisha akatangaza kwamba rubani yuko hai na yuko mikononi mwake. Uwazi wa Denver haukuwa umegeuka tabia ya ofisi.

Sasa tumtazame aliyeachwa nje. Oktoba 24, 1983, mwandishi Bill Plante wa televisheni ya CBS alimuuliza msemaji wa Reagan, Larry Speakes, kama Marekani inakwenda kuivamia Grenada, nchi ya kisiwa katika Karibi. Speakes akafanya kile tunachofundishwa: akapeleka swali kwa wahusika wa usalama wa taifa. Jibu alilorudishiwa kutoka kwa John Poindexter ni kwamba huo ni upuuzi. Akalipeleka kama alivyolipokea. Asubuhi iliyofuata askari walikuwa Grenada. Naibu wake aliyeshughulikia mambo ya nje, Les Janka, akajiuzulu.

Najua mtakalosema: siri ya vita lazima itunzwe, maisha ya askari yako hatarini. Kweli. Lakini kati ya "sina la kusema kuhusu hilo" na "huo ni upuuzi" kuna umbali mkubwa, na msemaji anayeijua siri anaweza kusimama kwenye sentensi ya kwanza bila kuteleza. Asiyejua hawezi. Anajibu kwa ujasiri wa mtu asiyejua kitu, na ujasiri huo ndio wenzake wanaoutumia. Mwaka 1962, mgogoro wa makombora ya Cuba ulipokuwa ukianza, msemaji Pierre Salinger aliwaambia waandishi kwamba Rais Kennedy anakatiza ziara ya Chicago kwa sababu ya mafua, wakati sababu yenyewe hakuwa ameambiwa.

Na mtu akizoea kuwa nje, maneno huanza kumtoka bila chanzo. Speakes huyohuyo alikuja kukiri mwaka 1988 kwamba baadhi ya maneno aliyowapa waandishi kuwa ya Reagan, yakiwamo ya mkutano na kiongozi wa Wasovieti, Gorbachev, mjini Geneva mwaka 1985, alikuwa ameyatunga yeye. Reagan hakuyasema.

Mniwie radhi nitaje na langu. Niliwahi kuwa msemaji wa taasisi moja ya umma, sitaitaja. Nilipigiwa simu nikaambiwa nikanushe habari fulani, nikakanusha. Jioni waraka wenye saini ukatoka. Fedheha ya siku ile ilipita. Kilichobaki ni mwezi uliofuata, nilipotoa taarifa ya kweli kabisa, niliyoihakiki mwenyewe, na mwandishi ninayemheshimu akaniuliza kwa upole: "Kaka, hili una uhakika nalo, au umeambiwa?" Sikuwa na jibu la kumtosha. Hata leo sina.

Nimalizie na Jerald terHorst, mwanahabari aliyeitwa kuwa msemaji wa Gerald Ford mwezi Agosti 1974, Ford alipoushika urais baada ya Nixon kujiuzulu kwa kashfa ya Watergate. Waandishi walikuwa wakiuliza kama Nixon atasamehewa. TerHorst aliuliza ndani, wenzake wakampa majibu ya kumpotosha, akayatoa. Kisha, Jumapili tarehe 8 Septemba, Ford akatangaza msamaha kamili. TerHorst akajiuzulu siku hiyohiyo, akiwa na mwezi mmoja kazini. Katika barua yake alisema hawezi kuutetea msamaha huo ilhali vijana waliokataa kwenda vita vya Vietnam kwa sababu ya dhamiri hawajasamehewa. Uungwaji mkono wa Ford kwenye kura za maoni ulishuka ghafla, kutoka kama asilimia 70 hadi kama 50.

Wapo wasomi wanaosema Ford alifanya jambo la busara kwa nchi yake, na huenda ni kweli. Mimi naangalia jinsi lilivyofanywa. Uamuzi uliohitaji maelezo kuliko mengine yote ya mwezi ule ulifichwa kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuyatoa, na ulipotangazwa, yeye ndiye aliyekuwa anaondoka. TerHorst alirudi kwenye gazeti lake la Detroit akaendelea kuandika, na wasomaji wakaendelea kumsoma.

Naona mkono umeinuliwa kule nyuma, karibu na dirisha. Ndiyo, binti yangu, uliza.