Kuandika andiko la kikao: mazungumzo na maafisa wa bustani na mapumziko, Dodoma

Mbukwenyi! Ndugu mwenyekiti, maafisa mazingira, maafisa michezo, watunza bustani, na nyinyi wanafunzi mliokaa nyuma kabisa, sogeeni, huku mbele viti vipo. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuandika andiko la kuomba kuendesha kikao kwenye kongamano la watu wa kazi yetu, yaani wanaosimamia bustani za umma, viwanja na maeneo ya mapumziko.

Naanza na andiko langu lililokataliwa. Miaka kadhaa nyuma niliona tangazo la kongamano linaloita watoa mada. Nikakesha usiku mbili nikiandika, kichwa nikakiita “Nafasi ya Maeneo ya Wazi katika Maendeleo Endelevu ya Miji”. Sera nikaweka, wadau nikawaweka, changamoto nikazipanga. Likarudi na mstari mmoja tu: haieleweki mshiriki ataondoka na nini. Iliniuma sana, maana mwaka huohuo nilikuwa nimevusha mistari miwili ya miche ya mwarobaini katika kiangazi kikali, kazi ambayo ningeweza kumfundisha mtu yeyote kwa saa moja. Kwenye andiko sikuitaja kabisa. Nilidhani ni kazi ya ndoo na jembe, haina hadhi ya kusimama mbele ya wataalamu.

Ndugu zangu, kazi hiyo ndiyo hasa wanayotaka kuisikia. Mvua yetu huanza Desemba ikakoma Aprili, na kwa mwaka mzima wastani wake ni karibu milimita 600. Mche uliopandwa leo utapita miezi kama saba karibu bila tone. Anayetunza bustani Nyerere Square, anayetunza Chinangali, anayemwagilia miche kule Mtumba kwenye Mji wa Serikali, wote wanaishi na hesabu hiyo. Ipo miji mingi duniani ambayo kiangazi chake kinazidi kurefuka, na wenzetu wa huko wanatafuta mtu aliyekwisha kukizoea.

Sasa, kuna sentensi moja inayobeba andiko zima: “Mwisho wa kikao, mshiriki ataweza…” Chukueni mfano wa Marekani. Chama chao cha watu wa kazi kama yetu, National Recreation and Park Association, kilichoundwa 1965, huwa na kongamano kila mwaka, na vikao vyake vingi huhesabiwa kuwa masomo ya kujiendeleza kazini. Kwa kuwa kikao ni somo, lazima kiwe na malengo ya kujifunza, tena yanayoweza kupimwa. Ndiyo maana neno “kuelewa” halitoshi. Nani atapima kuelewa kwangu? Andika “ataweza kuchagua”, “ataweza kukadiria”, “ataweza kutengeneza”.

Tujaribu pamoja. Mmoja wenu ametumia mitungi ya udongo kumwagilia miche. Akiandika kwa mazoea ataandika: “Kikao kitajadili umuhimu wa teknolojia rahisi za umwagiliaji.” Hapo hakuna cha kushika. Aseme anachofanya. Mtungi usiopakwa rangi wala kung’arishwa unafukiwa kando ya mche, mdomo unabaki juu, unajazwa maji na kufunikwa. Maji yanapenya kwenye kuta zake taratibu: udongo ukikauka unayavuta zaidi, ukilowa unapunguza. Juani yanapotea machache, kwa sababu yako chini. Basi sentensi yake iwe: “Mshiriki ataweza kuchagua mtungi unaofaa, kuufukia umbali sahihi kutoka kwenye mche, na kukadiria siku za kuujaza tena kulingana na udongo wake.” Mnasikia tofauti? Msomaji wa kamati, ambaye ana rundo la maandiko mezani, ameshauona mkono wako ukiwa ardhini.

Halafu semeni ukweli wa hesabu. Mlipanda miche mingapi, na iliyo hai leo ni mingapi? Kama hamna daftari, lianzeni wiki hii. Iliyokufa nayo iandikwe, pamoja na sababu: mbuzi, mchwa, bomba lililokatika, siku za mapumziko ambazo hakuna aliyemwagilia. Hapo Kondoa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Uoto ulirudi. Lakini zipo familia zilizolazimika kuhama na ng’ombe wao kutafuta malisho kwingine. Mtoa mada anayeeleza majani yaliyorudi na kunyamazia familia hizo anawanyima wasikilizaji nusu ya somo, na mimi nisingemwamini hata kwenye hiyo nusu nyingine.

Kuhusu watoa mada: msijaze wakuu wa idara. Anayeshika mpira wa maji kila alfajiri aandikwe jina lake. Kama mada ni Kisiki Hai, ile njia ya kuchagua machipukizi kwenye kisiki kilicho hai na kuyapogoa mpaka yawe mti, mwiteni mkulima wa Mpwapwa au Kongwa anayeifanya shambani kwake, na mpange mapema nani atalipa nauli yake. Lugha isiwe kikwazo, mtu wa kutafsiri atafutwe.

Mengine ni ya haraka. Kichwa kiwe kifupi na kitaje kitu. Idadi ya maneno iheshimiwe. Msijaze moja kwa moja kwenye fomu ya mtandaoni, andikeni kando kwanza, ili umeme ukikatika kazi isipotee. Na msingoje siku ya mwisho.

Kwenye kila kiti kuna karatasi. Juu yake nimeandika “Mwisho wa kikao, mshiriki ataweza”, nikaacha wazi. Malizieni kwa kazi mliyoifanya kwa mikono yenu mwaka huu. Nitapita kuzikusanya kabla ya chai, na tukirudi tutazisoma kwa sauti, tukianza na za watunza bustani.