Kapi Hili Lilikaa Wapi?

Asalaam aleikum. Walionisikia mwaka jana wanisamehe, nitasema yale yale. Na mwakani pia, mkinialika.

Tazameni kibao hiki. Ndugu yake nilimkuta dukani hapa Lamu, kapakwa vanishi anang'aa kama halua, na kikaratasi: "Kapi la mtepe". Nikamuuliza mwenye duka, mwanangu, hapa kamba ilizungukia wapi? Kimya. Kapi lina roda ndani, kigurudumu kinachozunguka. Hiki kina matundu matatu na mfereji ukingoni, basi, hakizunguki kitu. Ni zana ya merikebu za Wazungu. Vilikaa viwili viwili, kimoja juu, kimoja chini, kamba nyembamba ikipita matunduni kwenda na kurudi, ili kukaza zile kamba nene zinazoushika mlingoti usiyumbe. Mtepe, chombo chetu cha kale kilichoshonwa kwa kamba za nazi, tanga lake la mkeka, ungekifungia wapi kidude hiki?

Makapi ya mpunga tunayapeperusha, makapi ya jahazi tunayauza, na majina tunayabandika kama stempu.

Kijana atasema: mzee, kapi si kapi tu? Haya. Foromali, ule mti unaobeba tanga, hupandishwa kwa henza, kamba nene inayopita kichwani mwa mlingoti. Kwenye henza hufungwa gofia. Chini, kwenye sitaha, kuna abedari. Kati ya hayo mawili hupita kamba iitwayo jarari, na hiyo ndiyo mabaharia huivuta wakiimba. Yote mawili makapi, lakini gofia hupanda na kushuka, abedari haibanduki. Sasa ni usiku, kusi imechachamaa, nahodha anapiga kelele, "Legeza demani!" Nawe, kwa kuwa kwako kamba ni kamba tu, unaachia jarari. Foromali nzima na tanga lake vinakushukia utosini. Demani ya kamba, nasema, ile inayoshika pembe ya chini ya tanga, si ile ya majira. Msicheke, niliwahi kuulizwa.

Kwa hiyo usianze na jina. Anza na kamba: ilikuwa nene kiasi gani, ilivuta kutoka upande gani? Umri nao una alama zake. Kule Portsmouth, Uingereza, makapi yalitolewa kwa mashine za mhandisi Marc Brunel. Mwaka 1808 yalifika 130,000, yote pacha. Fundi wetu wa Matondoni anachonga kwa tezo, na mkono haurudii. Ukiona mawili yamelingana hadi unywele, shuku.

Nilitaka kuingia kwenye nanga, lakini naona mwenyekiti anatazama saa. Fupi tu: kucha nne ni nanga, kucha mbili ni baura. Mengine, siku nyingine.

Wewe wa nyuma, njoo. Shika hili, ni kapi la kweli. Tia kidole kwenye mfereji wa roda. Upande mmoja umelika zaidi, sivyo? Haya, waambie wenzako kamba ilikuwa ikivutwa kutoka wapi.