Gh ya Kiingereza: Mtazame Jirani Yake Kwanza

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojipanga kule nyuma, asanteni kwa kufika.

Naandika ubaoni maneno mawili: daughter na laughter. La kwanza ni binti, la pili ni kicheko. Ukifuta herufi ya kwanza ya kila neno, kinachobaki ni kilekile, herufi saba zilizofuatana bila tofauti yoyote. Lakini binti hutamkwa "dota" na kicheko ni "lafta". Sasa kicheko nakitangulizia s: slaughter, yaani uchinjaji. Hapo mtu angetarajia "slafta". Wapi! Ni "slota".

Hapa ndipo mwanafunzi anapokata tamaa, na mwalimu naye anamwambia, "We kariri tu." Mimi nasema maneno ya kukariri ni machache mno kuliko tunavyotishana. Gh ina tabia zake, na nyingi zinategemea herufi zilizoizunguka.

Kwanza, ilitoka wapi? Sauti yenyewe si ngeni kwetu: ni ile kh ya "khalifa" mtu anapoitamka Kiarabu hasa. Waingereza wa kale walikuwa nayo. Usiku waliandika niht, nuru leoht, binti dohtor, na ile h waliikwaruza kooni. Mjerumani mpaka leo anasema Nacht, Licht, Tochter, na kwa Kiskoti usiku bado ni nicht. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, kazi ya uandishi ikaangukia makarani waliozoea desturi ya Kifaransa, na taratibu ile h ikaja kuandikwa gh. Kwa hiyo gh haikuwa pambo. Iliandikwa kwa sababu ilisikika.

Kisha sauti ikaanza kufifia, kila lahaja kwa namna yake. Penginepo ilinyamaza kabisa. Penginepo, hasa baada ya sauti ya u inayokusanya midomo, ilisogea kutoka kooni hadi midomoni ikawa f. Kiingereza sanifu kikaokota matamshi huku na kule. Na wakati sauti ikiyumba hivyo, uchapaji ukawa umeshaingia: William Caxton alifungua kiwanda chake cha kuchapa Westminster mwaka 1476, na tahajia ikazidi kuganda huku vinywa vikiendelea na safari.

Caxton huyo alikuwa ameishi miaka mingi Bruges, mji wa Waflemi katika Ubelgiji ya leo, na inaaminika kuwa h ya ghost, mzimu, ilichomekwa kwa kuiga gheest ya huko. Hii ni gh ya mwanzo wa neno, nayo haina taabu: ni g ya kawaida. Ghost, ghetto, na ghoul iliyotoka Kiarabu.

Ikitanguliwa na i peke yake, gh ni bubu na i inakuwa "ai": night, light, right, fight, bright, high, sigh. Kundi hili ni kubwa na ni tiifu. Ikitanguliwa na ei, kwa kawaida tunapata "ei": eight, weigh, neighbour. Height, kwa mfano, inajitenga, ni "hait".

Patamu ni kwenye au na ou. Hapo tazameni nyuma na mbele pia. Gh ikifuatwa na t, karibu kila mara ni bubu: thought, bought, brought, caught, taught. Daughter na slaughter zimo humu. Drought, ukame, nayo ina gh bubu, ila irabu yake ni "au": "draut". Wanaoasi ni laughter, kwa kuwa imezaliwa na laugh, pamoja na draught ambayo ni "draft".

Yanayobaki ni yale yanayoishia ough bila t, na hapo siwadanganyi, ni vurugu. Though ni "dhou". Through ni "thruu". Bough, tawi la mti, ni "bau". Cough, kikohozi, ni "kof". Tough ni "taf". Thorough, kwa Mwingereza, ni "thara". Herufi nne, na kila mara sura mpya. Kuna hata hiccough, kwikwi, inayotamkwa "hikap": neno la asili ni hiccup, watu wakadhani lina undugu na kikohozi, wakalivalisha nguo za kikohozi.

Si hilo pekee lenye gh ya kuazima. Delight lilitoka Kifaransa bila kh yoyote. Lilipewa gh ili lifanane na light.

Wapo wanaopenda kuandika ghoti na kusema hiyo ni fish: gh ya enough, o ya women, ti ya nation. Mzaha huu husingiziwa mwandishi George Bernard Shaw, lakini unaonekana katika barua ya mwaka 1855, na Shaw alizaliwa 1856. Tena hausimami: gh ya mwanzo haiwi f kamwe, na ti ya mwisho haiwi sh. Unachekesha kwa sababu tu umepuuza nafasi ya herufi.

Wamarekani walijaribu kufyeka. Plow yao, badala ya plough, yaani plau ya kulimia, imekubalika. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliagiza maneno 300 yaandikwe kwa tahajia nyepesi katika nyaraka za serikali, tho na thru zikiwemo. Bunge likapinga, akarudi nyuma. Gazeti la Chicago Tribune lilianza tahajia zake za mkato mwaka 1934, nalo likaachana na tho na thru mwaka 1975.

Basi fungueni madaftari. Gh inayosomwa f, kwa matumizi ya kila siku, iko katika laugh, draught, cough, trough, rough, tough na enough, pamoja na watoto wao kama laughter. Hayo karirini. Though, through, thorough na bough yawekeni ukurasa wa pili. Aliyekuja na neno la gh linalomsumbua anyooshe mkono sasa, ila asiniletee drought, hiyo nimeshaitaja.