Kabla hujakata kanga kuukuu

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine hamjambo. Nimeombwa nizungumzie vitambaa vya kuepulia sufuria, vya kushona kwa nguo ambazo tayari zimo ndani ya nyumba. Najua wengine mmeona ni jambo dogo. Lakini sufuria zetu hazina mpini. Zina ukingo tu, nao ukishakaa juu ya mkaa haushikiki. Ndiyo maana mtu anaepua wali kwa ncha ya kanga aliyojifunga, huku ncha hiyo inaning'inia juu ya moto. Tabia hiyo naomba tuiache leo leo.

Kabla ya kushika mkasi, jiulize: nguo hii ni pamba au siyo? Pamba ikizidiwa na moto huungua, lakini haiyeyuki. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzijoto 250 hivi za Selsiasi, kisha hunata kwenye ngozi. Na msidanganywe na macho, vitenge vingi vya sokoni siku hizi ni poliesta. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo juu ya sahani, ziwashe. Zikinuka kama karatasi na kuacha majivu laini, hiyo ni pamba. Zikijikunja zikaacha kishanga kigumu, basi kitenge hicho kirudi kabatini kisubiri harusi.

Kanga ya pamba, ile iliyofuliwa mpaka jina lake halisomeki, inafaa sana kwa juu. Upande unaogusa sufuria weka jinzi, ile ngumu ya zamani. Ya kuvutika iacheni, ina nyuzi zinazoyeyuka. Katikati weka taulo kuukuu, tabaka mbili.

Hapo kwenye taulo ndipo penye kazi, maana kinachozuia joto hasa ni hewa iliyonaswa ndani yake. Sasa fundi anayependa urembo anapitisha mishono iliyobanana, taulo linalala bapa, hewa inatoka. Kitambaa kinapendeza ukutani na kinaunguza jikoni! Mistari iachane sentimita 4 au 5, inatosha. Anzia katikati kwenda nje ili tabaka zisihame.

Mraba wa sentimita 20 unatosha kiganja. Sindano iwe namba 16, na pale jinzi inapokuwa nene zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono. Zipu na vifungo vya chuma vitoke vyote. Utepe wa kuzungushia ukate mshazari, ndio unaokubali kona. Shona viwili viwili, kila kimoja na kitanzi chake.

Naona mkono. Sponji la godoro badala ya taulo? Hapana, dada yangu. Sponji hushika moto upesi na moshi wake ni sumu.

Na mama pale nyuma anasema yeye hulowesha kitambaa kwanza ili kipoe. Samahani mama, hapo nakukatalia. Maji hupitisha joto haraka kuliko hewa, kwa hiyo kitambaa kibichi kitakuunguza kabla hujaifikisha sufuria chini. Kikilowa kianike juani, uchukue kingine kikavu. Kwa hiyo jozi moja haitoshi, na taulo moja kubwa linatoa tabaka za katikati za jozi kadhaa.