Dakika Tatu Pale Mlangoni pa Leba

SISTA: Karibuni tena wapendwa, mko na mimi Sista na Mwalimu yupo hapa kama kawaida. Leo naomba tuongelee semina. Yaani hizi semina zetu manesi, unaitwa mjini siku moja siku mbili, ukumbi, projekta, chai ya saa nne, mwisho cheti, afu unarudi wodini Jumatatu unafanya vilevile ulivyokuwa unafanya Ijumaa. Mimi hili linaniuma kabisa.

MWALIMU: Na mimi ndo nafundisha hizo semina Sista, kwaiyo linaniuma mara mbili. Ila wasikilizaji wengine hawajui linakuuma wapi, waambie ile habari ya usiku ule.

SISTA: Haya. Jina la hospitali silitaji. Nilikuwa na miaka miwili kazini, zamu ya usiku, cheti cha kusaidia kichanga kupumua ninacho, nilipata kama miezi nane nyuma. Mama akajifungua vizuri tu, mtoto akatoka kalegea, halii, rangi si rangi. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, kimya. Nikachukua begi na maski, lile begi la mpira la kumpulizia mtoto hewa, nikaanza kubana. Na nabana kweli, ila kifua hakipandi, nasikia hewa inatoka pembeni pss pss, na mimi nazidi kubana kwa nguvu nikidhani nguvu ndo dawa. Mkunga mmoja mtu mzima akaja, hakunifokea, akaweka mkono wake juu ya wangu akanyanyua kidevu cha mtoto kidogo, pua ikaangalia juu, akashusha maski ikae vizuri kidevuni. Kifua kikapanda. Pumzi ya tatu ya nne mtoto akalia.

MWALIMU: Alhamdulillah.

SISTA: Alhamdulillah. Lakini Mwalimu, nilikuwa na cheti! Kichwani nilijua kila kitu, ungenipa mtihani wa karatasi ningepata mia. Mikono ndo ilikuwa imesahau.

MWALIMU: Sa hapo ndo naomba niwapeleke Haydom, hospitali ya Kilutheri kule Mbulu, mkoa wa Manyara. Maana hicho ulichosema, mikono kusahau, wao walikipima. Mwaka 2010 walipeleka mafunzo ya siku moja ya Helping Babies Breathe, yaani kusaidia vichanga kupumua, yale ya dakika ya dhahabu, kwamba mtoto asiyepumua awe ameanza kupewa hewa ndani ya sekunde 60. Miezi saba baadae wakaangalia. Ukimpa nesi mdoli wa mazoezi, anafanya vizuri kuliko mwanzo. Ukienda leba kwa mtoto wa kweli, hakuna kilichobadilika. Utafiti wa Hege Ersdal na wenzake, ulitoka 2013.

SISTA: Kwa mdoli anaweza, kwa mtoto hawezi.

MWALIMU: Ndo hivyo. Na sio kwamba mafunzo yalikuwa mabaya, somo lilelile, walimu wazuri. Sasa walichofanya baada ya hapo hawakuita semina nyingine kubwa. Kuanzia 2011 wakachukua mdoli wakamuweka palepale leba, na wakasema kila wiki kila mtu afanye dakika 3 hadi 5 tu. Hamna projekta, hamna kusafiri, unatoka kumhudumia mama unapita pale unashika begi unafanya unaendelea na kazi. Estomih Mduma wa palepale Haydom ndo aliongoza kuandika matokeo, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 kwa kila watoto elfu moja hadi 7.2. Kwa mwaka mmoja.

SISTA: Hebu ngoja hapo, hao watoto ni wa palepale hospitali moja, manesi walewale?

MWALIMU: Hospitali ileile. Na kitu nilichokipenda zaidi kwenye yale matokeo, watoto waliohitaji kubanwa begi walipungua, waliosuguliwa mgongo na kusafishwa njia ya hewa wakaongezeka. Maana yake mimi naisoma hivi, nesi alikuwa anaanza mapema, mtoto anaamka kwa kusuguliwa kabla hajafika kwenye begi.

SISTA: Hiyo naielewa sana. Ukiwa na woga unasimama. Unaangalia saa, unamwangalia mwenzio, unatafuta maski iko wapi, sekunde zinakwenda.

MWALIMU: Na zinakwenda kweli. Haydom hao hao waliwahi kuonyesha kila sekunde 30 unazochelewa kuanza kumpa hewa, hatari ya mtoto kufa au kulazwa muda mrefu inaongezeka kwa asilimia 16. Sekunde 30 Sista, ni mda wa kwenda kabatini na kurudi.

SISTA: Na kabati lina kufuli, na ufunguo anao inchaji, msimamizi wa wodi, na inchaji yuko kwake amelala. Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Kwaiyo tukisema viwango vya huduma, watu wanafikiria lile bango limebandikwa ukutani lenye mishale, mimi nasema kiwango cha kwanza ni je maski ya mtoto iko juu ya meza ya kichanga sasa hivi, saizi yake, safi, begi limejaribiwa, au liko kabatini.

MWALIMU: Mdoli mwenyewe waeleze wasiomjua.

SISTA: Mdoli wa kawaida tu, unamjaza maji ya uvuguvugu anakuwa mzito na mlegevu kama kichanga, ukimbeba kwa mara ya kwanza moyo unashtuka. Ukiweka maski vizuri na kichwa kimekaa, kifua kinapanda. Ukikosea hakipandi. Hakuna kubembeleza. Kidole gumba na cha shahada vinazunguka juu ya maski, vilivyobaki vinashika mfupa wa taya, usiminye shingo, hapo wengi tunakosea.

MWALIMU: Ila Sista na mimi niseme la kwangu, nisije nikaonekana nasema mazoezi yanatosha. Kuna mkunga yuko peke yake usiku na akina mama sita, wawili wanasukuma kwa pamoja. Huyo umpe midoli hata kumi, mikono ni miwili. Tusitumie mafunzo kuficha kwamba watu hawatoshi.

SISTA: Nakubali, na nalisema wazi, hilo ni la kuajiri, sio la kufundisha. Lakini yule aliyeko peke yake ndo anahitaji zaidi mikono isiyofikiri mara mbili, maana hana wa kumwekea mkono juu ya wake kama mimi usiku ule.

MWALIMU: Hapo umenishika.

SISTA: Na hospitali nyingine nje ya Haydom? Maana watu watasema Haydom wana wafadhili wa Norway, sisi je.

MWALIMU: Hilo swali lilijibiwa. Watafiti walienda vituo 30 kwenye mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, vituo vya kawaida vya serikali vingi. Mazoezi mafupi palepale, vifaa vya kusikiliza mapigo ya moyo ya mtoto tumboni, na kila kituo wakachagua wakunga wao wenyewe wa kusimamia mazoezi na kuangalia takwimu za kituo chao. Sio mtu anatoka Dar kuja kukagua. Matokeo yalitoka 2025, vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila elfu.

SISTA: Hilo la wakunga wao wenyewe ndo kubwa kwangu. Sisi kwetu tulipoanza mazoezi haya, nilikuwa nimeshahama kituo, wale wadogo waliogopa, walidhani ni mtihani, mtu akikosea ataandikwa. Tukakubaliana hakuna kuandika aliyekosea, tunaandika tarehe na nani kafanya basi. Na mtoto akitoka na shida ya kweli, tukishamtuliza na mama ametulia, tunakaa dakika tano, nini kilikwenda sawa, kifaa gani hakikuwepo, hatusemi nani. Siku moja mwanafunzi wa mwaka wa pili ndo kasema begi limepasuka, na sisi wakubwa wote tulikuwa tumepita hapo asubuhi.

MWALIMU: Mwanafunzi akaongea mbele ya matroni.

SISTA: Akaongea mbele ya matroni, na begi jipya likaja mchana ule.

MWALIMU: Kuna mtu katuuliza wiki iliyopita, kituo chao hakina mdoli na bajeti hamna, wafanyeje.

SISTA: Dada yangu, anza bila mdoli. Mnapokabidhiana zamu, kabla hamjapeana ripoti ya akina mama, nendeni wote kwenye meza ya kichanga. Bana begi kwenye kiganja usikie hewa. Weka maski. Semeni nani leo atashika begi na nani atakuwa na mama. Afu ndo mfungue faili.